Altezza ya manyuali au ya otomatiki: ipi itanirudishia pesa yangu Unguja?

"Assalaam alaykum fundi. Naishi Bububu, kazi yangu ipo mjini. Nimejikusanya muda mrefu ninunue Toyota Altezza RS200, gari niliyoipenda tangu nipo skuli. Nimeziona mbili. Ya kwanza ya mwaka 2001, manyuali ya gia sita, mwenyewe anataka milioni 11. Injini nzuri, ila gia ya tatu ukiiingiza kwa haraka inakwaruza. Ya pili ya 2003, otomatiki, anataka milioni 13. Hii kwa macho ni safi zaidi, ila asubuhi ukiweka D inakaa kidogo ndipo ishike. Mwenyewe anasema Altezza zote ndivyo zilivyo. Mke wangu anaendesha, lakini manyuali hajawahi. Nataka nikae nayo miaka mitatu kisha niiuze. Rafiki zangu wananiambia manyuali hapa haiuziki, nitakuja kuilea uani. Binamu yangu aliyeko Uingereza ananiambia kinyume, kwamba gari ya spoti ya manyuali inapanda bei kila mwaka na otomatiki ndiyo ya kutupa. Jengine, kuna fundi ananishauri ninunue ya otomatiki kisha aigeuze iwe manyuali. Nifanyeje?"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujatoa pesa, na vizuri zaidi kunitajia kasoro za gari zote mbili. Watu wengi huniuliza "ipi bora" bila kunambia hata gari zenyewe zikoje. Umeleta mambo matatu kwa pamoja: ipi itauzika, ipi haitakutesa, na kama ipo njia ya kupata vyote. Nianze na la kuuzika, kwani hapo ndipo rafiki zako na binamu yako wanapogongana, na kila upande umeshika kipande cha kweli.

Binamu yako anasema anachokiona huko aliko. Ulaya, Marekani na Japani gari mpya za manyuali zinazidi kuwa adimu, na kwenye gari za spoti uadimu huo umegeuka pesa. Mwaka 2013 Porsche walitoa 911 GT3 mpya ikiwa na giaboksi ya otomatiki ya klachi mbili peke yake. Inabadilisha gia haraka kuliko mkono wa binadamu yeyote, lakini wenye mapenzi na gari ile walinung'unika. Mwaka 2016 ikatoka 911 R, manyuali tupu, gari 991 basi, na haukupita muda zikawa zinauzwa mkononi kwa bei iliyoipita mbali ile ya kiwandani. GT3 iliyofuata ikarudishiwa manyuali. Toyota nao waliifufua Supra mwaka 2019 ikiwa otomatiki tu, na 2022 wakaiongezea manyuali kwa sababu wanunuzi hawakunyamaza.

Lakini tazama ni nani anayelipa bei hizo. Ni mtu mwenye gari nyengine ya kwendea kazini. Ile ya manyuali anaitoa siku ya mapumziko, anajua fika kwamba otomatiki ya kisasa ina kasi zaidi, na bado analipa kwa sababu anataka kubadilisha gia kwa mkono wake. Soko la namna hiyo linataka watu wengi wenye pesa ya ziada wakifukuzia gari chache.

Altezza haimo katika kundi hilo, na nasema hivyo mimi ninayeipenda. Ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005 kwa wingi, na nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Ni kweli kwamba sheria ya Marekani inairuhusu gari ya nje kuingia ikishatimiza miaka 25 hata kama haikutengenezwa kwa viwango vyao, kwa hiyo Altezza za mwanzo zilifunguliwa mlango 2023 na wapo wanaozitafuta, khasa za manyuali. Ila Mmarekani huyo ananunua mnadani Japani. Hatakuja Bububu kufuata gari iliyokula chumvi ya bahari miaka mingi. Isitoshe, kwao ilikuwepo IS 300, umbo lilelile, usukani wa kushoto, injini ya lita 3, na ya manyuali ilipatikana pia. Kwa hiyo huko kupanda bei anakokuona binamu yako hakutafika kwenye mfuko wako. Usiingize hata shilingi moja ya matumaini hayo kwenye hesabu zako.

Sasa tuje kwetu. Vijana wengi wa Unguja walioanza kuendesha miaka ya karibuni wamejifunzia Vitz, IST, Raum au Noah, zote otomatiki. Wanaoijua klachi vizuri ni madereva wa Canter na wa Hiace za abiria, na hao hawana habari na gari ya milioni 11 isiyobeba mzigo wala abiria. Ndiyo maana rafiki zako wanaona manyuali haiuziki. Wanaopima hivyo wanahesabu watu wanaopita njiani. Wanaoitaka RS200 ya manyuali wapo, ni wachache, na wanajua khasa wanachotafuta. Hawa hawahitaji kushawishiwa na dalali. Wataifuata hata ikiwa Makunduchi, wataingia chini yake wenyewe, na wakiridhika watalipa vizuri.

Ni kama mnada wa samaki pale Malindi. Changu anauzika saa yoyote kwa mtu yeyote mwenye sufuria. Nduaro mkubwa anaweza kukaa chini akitazamwa tu, mpaka atokee mtu wa hoteli, na akitokea bei inapanda mara moja. Manyuali yako ni nduaro. Kwa hiyo swali unalopaswa kujiuliza ni hili: miaka mitatu ikifika, utaweza kusubiri? Kama gari hii ndiyo akiba yako, kwamba akiumwa mtu au ukitakiwa kumalizia paa la nyumba utaiuza wiki hiyohiyo, manyuali itakuumiza, kwani atakayekuja haraka ni dalali, naye atakupa bei ya dalali. Kama huna haraka, tofauti ya bei baina ya manyuali nzima na otomatiki nzima hapa kwetu si kubwa kiasi cha kukunyima usingizi.

Nimesema "nzima" makusudi. Kwenye gari zenye umri wa zaidi ya miaka ishirini, hali ya gari inaamua bei kuliko aina ya giaboksi. Manyuali iliyotunzwa itaipita otomatiki inayoteleza, na otomatiki inayobadilisha gia kimya kimya itaipita manyuali iliyochezewa na vijana watatu waliopita. Tuziangalie basi hizo kasoro mbili ulizonitajia, maana ndizo zenye jibu lako.

Nianze na ya manyuali. Ndani ya giaboksi, kila gia ina pete ya shaba inayoitwa sinkro. Ukisukuma mkono wa gia, pete hiyo inaigusa gia kwanza, inailazimisha izunguke kwa mwendo sawa na shafti, halafu ndipo meno yaingiane. Pete ikilika, inashindwa kusawazisha mwendo upesi, meno yanagongana, na hicho ndicho kikwaruzo unachokisikia. Ukisukuma taratibu unaipa muda, haikwaruzi. Maelezo yako yanalingana na hali hiyo. Giaboksi yenyewe ni J160 iliyotengenezwa na Aisin, ndugu wa zile zilizofungwa kwenye Nissan Silvia S15 na Mazda Roadster za gia sita. Ni nzuri na nyepesi, lakini haipendi kubadilishwa gia kwa hasira.

Kabla hujaihukumu pete, ondoa kwanza uwezekano mwengine wa bei rahisi. Washa gari, simama mahali tambarare, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu mpaka tatu, kisha ingiza rivasi. Ikikwaruza hapo wakati gari imesimama, basi klachi haiachii sawasawa: ama oili yake imepungua, ama imeingia hewa, ama silinda ya klachi inavuja. Hiyo ni kazi ya muda mfupi na pesa kidogo. Ikiingia kimya, na gia nyengine zote zikawa nzuri isipokuwa ya tatu, basi ni pete. Muulize pia mwenyewe oili ya giaboksi ilibadilishwa lini. Wapo waliotia oili nzito mno na kikwaruzo kikazidi. Oili mpya ya 75W-90 inaweza kukipunguza, ingawa pete iliyokwisha haitoirudisha.

Sasa uzito wa kasoro hii. Gari yenye pete ya tatu iliyolika inaweza kwenda miaka ukiibadilisha kwa utaratibu, mradi usiilazimishe. Kuitengeneza maana yake ni kushusha giaboksi na kuifungua, na spea za J160 hazipatikani kirahisi hapa. Mara nyingi watu huagiza giaboksi nzima iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo ni kasoro inayojulikana mwanzo wake na mwisho wake. Haitakuacha njiani. Ila jengine la kukumbuka: ikishashushwa giaboksi, badilisha pleti ya klachi, presha pleti na beringi yake palepale, maana ufundi wa kushusha ni uleule na hutaki kuulipia mara mbili.

Hapo ndipo linapokuja kosa la watu wanaosema manyuali haiharibiki. Pleti ya klachi ni kitu cha kulika, kama brekipedi. Safari yako ya kila siku ni Bububu, Mtoni, Kinazini mpaka mjini, nyuma ya daladala za 502 zinazosimama kila baada ya nyumba mbili. Kila ukisogeza gari mita tano kisha ukasimama, umeitumia klachi. Dereva anayeweka mguu juu ya pedeli muda wote, au anayeishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya brekihendi, ataimaliza mapema sana. Kama ungekuwa Pemba, na ile milima ya njia ya Chake Chake kwenda Wete, ningekuonya zaidi.

Njoo kwenye ya otomatiki, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ile kauli ya "Altezza zote ndivyo zilivyo" si kweli.

Otomatiki ya Altezza haina pleti moja kubwa ya klachi. Kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili: injini inaisukuma oili, na oili ndiyo inayozungusha upande wa pili. Ndani ya giaboksi zimepangwa klachi ndogo ndogo za sahani, na kinachozibana ni presha ya oili inayotoka kwenye pampu. Ukiweka D, oili inapita kwenye vijia vyembamba, inasukuma pistoni, pistoni inabana sahani, na gari inashika. Yote hayo yanatakiwa kumalizika ndani ya sekunde moja hivi. Ikizidi, maana yake presha inachelewa kujaa. Oili katika gari hii ni damu na msuli kwa wakati mmoja: inapoza, inalainisha, na ndiyo inayofanya kazi ya kubana.

Sababu za kuchelewa asubuhi zinatofautiana sana kwa bei, na ndiyo maana nakwambia usikubali jibu la mwenye gari. Inaweza kuwa oili imepungua tu. Inaweza kuwa filta imeziba. Inaweza kuwa usiku oili yote inateremka kutoka kwenye toki konveta na asubuhi pampu inaanza kujaza upya. Inaweza kuwa siili za mpira kwenye pistoni zimekauka na kuwa ngumu kwa umri, zinavujisha presha mpaka zipate joto zilainike. Hii ndiyo ninayoishuku kwanza kwa gari ya 2003 inayochelewa asubuhi na kutulia baadae. Na inaweza kuwa sahani zenyewe zimelika. Sababu ya mwanzo unaimaliza kwa lita chache za oili. Mbili za mwisho ni kufungua giaboksi, kazi ambayo mafundi wanaoiweza kweli kweli hapa Unguja ni wa kuhesabu, au kununua nyengine iliyotumika bila kujua imepitia nini.

Fanya hivi. Mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Fika asubuhi, weka kiganja chako juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ameipasha kukuficha kitu. Rudi siku nyengine au usirudi kabisa. Ikiwa baridi, washa, acha mlio wa injini utulie, kanyaga breki, hamisha kutoka N kwenda D huku ukihesabu. Fanya hivyohivyo N kwenda R. Kisha iendeshe mpaka ipate joto kamili, usikilize inapopanda gia: isirushe mlio wa injini bila gari kuongeza mwendo, na isikupige teke mgongoni. Mwisho fundi atoe tone la oili, uliweke juu ya karatasi nyeupe. Nyekundu au ya waridi ni nzuri. Kahawia inakubalika kwa umri wake. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, na ukiisugua vidoleni unahisi vumbi laini, hiyo ni sahani zimeanza kuwa unga. Hapo acha gari, hata ikipunguzwa mpaka milioni 10.

Utasikia pia watu wakisema oili ya otomatiki usiibadilishe kamwe, ukiibadilisha giaboksi inakufa. Asili ya maneno haya ni watu wanaosubiri mpaka giaboksi iteleze ndipo wakumbuke oili. Sahani zimeshakwisha, ule unga ulioelea ndani ya oili ndio uliokuwa unasaidia kushika kidogo, anaimwaga, anaweka safi, gari inagoma, na oili inabebeshwa lawama. Kwenye giaboksi ambayo bado nzima, oili mpya inaongeza maisha, khasa kwenye joto letu. Sharti iwe ya aina yake: Altezza hutumia ATF ya Toyota T-IV. Ile WS ya gari za baadae usiitie humu kwa sababu tu ndiyo iliyokuwepo dukani.

Kuhusu kuigeuza otomatiki iwe manyuali, jibu langu ni usifanye, na sababu ni hiyohiyo bei ya kuuzia unayoiulizia. Kazi yenyewe inawezekana. Inataka giaboksi, flaiwili, klachi nzima, pedeli zake, silinda za klachi, propela shafti inayolingana, kompyuta ya injini na mtu anayejua waya. Ukimaliza umetumia pesa nyingi, na bado hukupata RS200 ya manyuali. RS200 ya manyuali ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210, ya otomatiki 200, na tofauti hiyo haitokani na giaboksi peke yake: injini za manyuali zilipewa valvu za titaniamu na mgandamizo mkubwa zaidi. Wale wanunuzi wachache niliokutajia wanalijua hilo. Watafungua boneti, watasoma kile kibao cha kiwandani kwenye mstari wa giaboksi, wakikosa J160 watakupangia bei ya gari iliyochezewa. Kama gari ina karatasi ya mnada ya Japani, wataiomba: F6 ni manyuali ya gia sita, FA ni otomatiki. Nawe ziangalie kwa ile ya 2001, usije ukauziwa iliyokwishageuzwa.

Na ukiwa hapo kwenye kibao, hakikisha unanunua RS200 kweli. Herufi za nyuma ya buti zinauzwa popote. Kwenye kibao RS200 ni SXE10, injini 3S-GE ya silinda nne. Ndugu yake, AS200, ni GXE10, injini 1G-FE ya silinda sita, tamu kwa ulaini wake lakini nguvu zake 160 tu. Hiyo nayo ilikuwepo ya manyuali ya gia sita, kwa hiyo idadi ya gia si ushahidi.

Lipo jambo ambalo hukuniuliza na lingenitangulia mimi kabla ya giaboksi: chini. Hewa yetu ina chumvi, na gari iliyolazwa karibu na pwani huliwa kutoka chini kwenda juu. Pandisha gari zote mbili juu, tazama pembe za sakafu, sehemu zinaposhikia mikono ya tairi za nyuma, mabomba ya breki, na ndani ya matao ya tairi. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Sauti ya chuma kigumu ni salama. Sauti ya debe bovu, au rangi nyeusi mpya iliyopakwa nene, ina lake jambo. Giaboksi inabadilishwa. Sakafu iliyooza inachomelewa viraka, na gari yenye viraka hakuna gia itakayoiokoa siku ya kuuza. Muulize pia mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, kwani 3S-GE ni ya mkanda, na kama hakuna jibu, ingiza gharama yake kwenye bei.

Kisha kuna mkeo. Gari moja, watu wawili, mmoja hajui manyuali: hilo ni jambo zito kuliko binamu na rafiki zako wote. Mtu mzima anayejua tayari kuendesha hujifunza klachi kwa wiki chache za jioni akiwa na mwalimu mwenye subira. (Usiwe wewe. Nimeona ndoa zikitikiswa na klachi.) Lakini lazima atake mwenyewe. Kama hataki, umenunua gari ya mtu mmoja, na kila siku ya dharura utaikumbuka. Muulize kabla, na umuulize kwa swali lililo wazi, usimwambie "utajifunza tu".

Hukumu yangu, kwa ulivyonieleza. Kwa maisha yako, yaani foleni za kila siku, madereva wawili na kuuza baada ya miaka mitatu, otomatiki ndiyo inayokufaa. Lakini otomatiki hiyo ya milioni 13, yenye ugonjwa usiojulikana ukubwa wake, sioni kama ndiyo. Ukiweza kusubiri, subiri otomatiki nyengine inayoshika asubuhi bila kusita. Ukiwa lazima uchague baina ya hizi mbili, na mkeo amekubali kujifunza kwa ridhaa yake, ningechukua ya manyuali, ile ambayo kasoro yake naijua mwisho wake, kwa sharti kwamba rivasi imeingia kimya, chini hakuna kutu, na bei imeshuka kwa kiasi cha giaboksi iliyotumika pamoja na klachi mpya. Usimwambie "punguza kidogo". Piga simu Dar es Salaam uulize bei ya J160, ongeza nauli ya meli na ufundi, mwekee mezani hesabu hiyo.

Na usitegemee kuja kuiuza Bara kwa sababu wapenzi wa Altezza kule ni wengi. Gari iliyoingizwa na kusajiliwa Zanzibar kwa namba ya Z ina taratibu zake za forodha na kodi kabla haijahamia Bara moja kwa moja. Kawaulize TRA wenyewe, usimuulize dalali, na uulize kabla ya kununua, kwani jibu lao linaweza kukubadilishia hesabu yote.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyaona kwa maandishi. Kabla hujatoa hata pesa ya kishika mkono, mpeleke fundi unayemwamini, asiyemjua muuzaji, mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari na geji ya kupima presha ya oili ya otomatiki. Namba ya chesisi ilingane na kadi, na kadi iwe kwa jina la anayekuuzia, au awepo mwenyewe. Ile ya 2003, ikiwa bado roho yako iko kwake, ipimwe presha ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Niandikie namba zote mbili na rangi ya oili uliyoiona kwenye karatasi, nitakwambia kama milioni 13 inazungumzika.